Uzi: Mkebe wa marehemu bibi una vidude vya ushonaji nisivyovijua. Wajuzi, njooni

Mjukuu wa Bweni (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita tumemaliza arobaini ya bibi yetu mzaa baba. Alizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto, akaolewa Pangani mjini na huko ndiko alikofia. Katika kugawana vitu shangazi zangu walichukua kanga na masufuria, baba mdogo akachukua kitanda cha samadari, mimi nikaachiwa cherehani ya mkono iliyoganda kwa kutu pamoja na mkebe wa bati wa biskuti. Niliachiwa kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka, tusidanganyane.

Nilidhani mkebe ni wa vifungo. Kumbe! Nimevitandaza vitu mezani na kuvipa namba.

Namba 1 ni pete ya chuma cheupe, pana kama ukucha, ina vishimo vidogovidogo mwili mzima. Namba 2 ni mkasi mdogo mzito, makali yake yana pengo karibu na pale miguu inapopishana, kama umeng'atwa, halafu una skrubu kwenye mguu mmoja. Namba 3 ni kifuko chekundu, ukubwa wa zambarau, kimeshonwa pande zote, kizito kuliko umbo lake, ukikitikisa unasikia mchanga. Namba 4 ni kijiti cheupe cha urefu wa kidole, kimechongoka na kina mistari mitatu iliyochanjwa kwa kisu. Namba 5 inafanana na sindano ya kufumia vitambaa vya makochi, ila nyembamba mno na ina mpini wa mbao. Namba 6 ni kitu kama ganda la risasi lenye uwazi ubavuni, kimeambatana na misumari minne yenye visahani huku na huku. Namba 7 ndiyo inayoniumiza kichwa: ukanda wa ngozi ngumu kama hatamu ya punda, una tundu moja na kisahani cha chuma chenye vishimo. Namba 8 ni mchi mdogo wa mbao nyeusi, mwisho mmoja umechongoka. Namba 9 ni dude la chuma lenye uma na meno, limeandikwa SIMANCO. Namba 10 ni donge jeusi gumu lenye mifereji myembamba kama mistari ya kiganja.

Bibi alikuwa mshona kofia, hilo nalijua. Babu alifariki mimi sijazaliwa, alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Kwa hiyo vyote hivi ni vya bibi. Niambieni ni nini.

(Namba 8 nakiri, nimepondea vitunguu saumu siku mbili. Inaponda vizuri.)

Kamchape wa Mtandaoni

Chukua namba 3, 4 na 10, ziweke pamoja uzitazame tena. Kifuko chekundu kilichoshonwa pande zote. Mfupa wenye chale tatu. Donge jeusi. Mkuu, hiyo si seti ya ushonaji. Subiri maji yakupwe, katupe, rudi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Mjukuu wa Bweni

Binamu yangu kasema hivyohivyo. Hataki kulala chumba kimoja na mkebe.

Pima Mara Mbili

Mimi ni fundi wa suti, huu mwaka wa 31 nipo kwenye meza ya kukatia. Acheni maneno ya uchawi, kijana kapewa mali.

Namba 1 ni kastabini. Wengine wanaiita subana. Najua utasema kastabini ina kichwa, hii mbona iko wazi huku na huku. Haikukatwa, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Mshona gauni anasukuma sindano kwa ncha ya kidole, kwa hiyo kastabini yake imezibwa juu kama kikombe. Sisi wa makoti tunasukuma kwa ubavu wa kidole cha kati, kidole kikiwa kimekunjwa, na ncha inabaki wazi ili iguse kitambaa. Nikimwona mtu ameivaa kastabini nishajua alifundishwa na nani.

Ichukue uitazame kwenye mwanga. Kuna upande ambao vishimo vimelika mpaka vinakaribia kupotea. Huo ndio upande aliosukumia. Na hilo fanya kwa kila kitu humo mkebeni kabla hujauliza ni cha nini: tafuta pale kilipong'aa. Mikono ya mtu ikishika mahali pamoja miaka 40, chuma chenyewe kinasema.

Sasa namba 2, sikiliza kwa makini. USIMPE MTU ALINGANISHE HILO PENGO. Mkasi haujang'atwa. Ni mkasi wa kukatia matundu ya vifungo. Tundu la kifungo linaanzia ndani ya koti, haliruhusiwi kugusa ukingo. Mkasi wa kawaida lazima uanzie ukingoni. Huu unautanua, ukingo wa kitambaa unaingia kwenye pengo ambako hakuna makali, makali ya mbele yanakata ndani peke yake. Ile skrubu inazuia miguu isifunge zaidi ya pale ulipopima, kwa hiyo matundu yote sita ya koti yanatoka urefu mmoja. Siku hizi vijana wanatumia kiwembe. Ndiyo maana unaona matundu ya kifungo yanayocheka.

Mjukuu wa Bweni

Mkuu umechelewa. Mkasi nilimpa mnoa visu jana asubuhi. Alisema atausaga mpaka makali yalingane, nikachukue Jumatatu.

Pima Mara Mbili

Mpigie. Sasa hivi.

Mjukuu wa Bweni

Hapokei.

Nanunua Chuma Chakavu

Cherehani na dude namba 9 nitachukua kwa kilo. Nakuja na mzani mwenyewe.

Fundi Cherehani Nakuru

Wewe wa kilo kaa mbali na huo mkebe.

Bwana Mjukuu, namba 6 na namba 9 ni za hiyo cherehani iliyoganda. Hilo ganda la risasi ndilo chombo cha uzi wa chini, na hiyo "misumari" ni bobini. Bobini tulizozoea ni za duara kama sarafu, zinakaa kwenye kiboksi chake. Hizi za kale ni ndefu. Unaiingiza kwenye ganda, ganda linakaa chini ya sahani na kwenda mbele na nyuma kama mtu anayepembea, kila safari linapita katikati ya kitanzi cha uzi wa juu. Usipoteze hata moja.

Namba 9 ni ya kukunja marinda. SIMANCO ni kifupi cha jina la kampuni ya Singer, walikuwa wanagonga hivyo kwenye vipuri vyao. Unaondoa mguu unaokanyaga kitambaa, unafunga hili dude mahali pake, huo uma unapanda juu ya skrubu inayoshika sindano. Sindano ikipanda na kushuka inavuta uma, meno yanasukuma kitambaa, rinda moja linazaliwa. Ukiizungusha ile skrubu unabadili kina cha rinda. Watu wengi wanaviuza kama takataka, na ajabu ni kwamba vinakaa hata kwenye Butterfly nyeusi iliyo sebuleni kwa jirani yako, maana kimo cha nguzo ya mguu ni kilekile.

Soma namba iliyo kwenye kitako cha cherehani upande wa kulia, chini ya gurudumu.

Mjukuu wa Bweni

Nimefuta kwa mafuta ya taa. Inaanza na Y halafu tarakimu saba.

Fundi Cherehani Nakuru

Y ni Clydebank, Scotland. Herufi hiyo waliitumia kati ya 1921 na 1935. Kiwanda chenyewe kilifunguliwa 1885 na kilifungwa 1980, kwa hiyo usitafute kipuri kipya, tafuta cherehani nyingine iliyokufa. Isiyo na herufi kabisa ni ya kabla ya 1900.

Na usilazimishe gurudumu! Tia mafuta ya cherehani kila tundu unaloliona, iache usiku kucha, asubuhi tia tena. Siku ya tatu au ya nne itakuitikia. Mafuta ya kupikia hapana. Nimeshafungua mashine iliyotiwa mafuta ya alizeti, ndani imegeuka gundi.

Mwalimu Mstaafu wa Sayansikimu

Kabla hamjatupa kifuko chekundu baharini nisomeni. Nimefundisha wasichana kushona miaka mingi na nilikuwa nacho kimoja, ila changu kilishonwa kama tunda dogo lenye kikonyo cha kijani.

Ndani yake ni unga wa msasa, ule mweusi mzito, si mchanga wa ufukweni. Ni jiwe gumu sana lililosagwa, na machimbo yake mashuhuri tangu kale ni kisiwa cha Naxos, Ugiriki. Kazi yake ni kunoa na kusafisha sindano. Nyie mnaoishi pwani mnajua hewa yetu. Sindano ukiiacha wiki mbili imeshika kutu, ukiipitisha kwenye bafta nyeupe inaacha alama ya kahawia ambayo hata sabuni haiitoi. Mtu anayeshona kofia nyeupe hawezi kukubali hilo.

Mjukuu, fanya hivi. Tafuta sindano yenye kutu, ichome kwenye kifuko uitoe, mara kumi au kumi na tano, huku ukiizungusha. Kisha uje hapa utuambie. Ukiwa na sumaku iguse pia, huo unga huwa na chembe za chuma, utaona unavutwa kidogo.

Donge namba 10 ni nta ya nyuki. Mifereji ni njia za uzi. Uzi uliopitishwa kwenye nta haujisokoti. Basi, hakuna zaidi.

Mjukuu wa Bweni

Mwalimu shikamoo. Nimechoma mara kumi na mbili. Sindano imetoka inang'aa kama ya dukani. Nimemwonyesha binamu, kasema hata hirizi huwa zinafanya kazi.

Kamchape wa Mtandaoni

Binamu ana hoja.

Mbongo wa Birmingham

Hiyo ya msasa imenikumbusha. Huku nilipo, kusini kidogo kuna mji unaitwa Redditch. Karne ya 19 sehemu kubwa ya sindano za dunia zilitoka hapo, na kinu kimoja cha maji, Forge Mill, leo ni makumbusho ya sindano. Niliwapeleka watoto nikidhani tutachoka baada ya dakika kumi. Sindano ilikuwa inatoka kwenye moto ikiwa nyeusi. Wanafunga maelfu kwa maelfu ndani ya turubai pamoja na sabuni laini na huohuo unga wa msasa, wanakaza kama soseji, halafu mashine inayoendeshwa na maji inaviringisha mafurushi hayo siku baada ya siku. Kwa hiyo bibi alichokuwa anafanya kwa kifuko chake ndicho walichofanya kiwandani, tofauti ni wingi tu.

Angalia kama mkebeni kuna vipakiti vya karatasi nyeusi.

Mjukuu wa Bweni

Vipo vitatu! Vimeandikwa Redditch kweli. Kimoja namba 10, kingine namba 7, cha tatu siwezi kusoma.

Mwalimu Mstaafu wa Sayansikimu

Namba ikipanda sindano inakonda. Ya 10 ni ya kazi laini. Hizo ndizo za viua.

Bi Mwenye Viua

Mmenitaja bila kunitaja. Mie niko Unguja, nimeanza kushona kofia nikiwa na miaka tisa, na macho yamegoma ndio nimeacha.

Mwanangu Mjukuu, namba 4 ni cha kutobolea. Kofia ya viua ni kofia ya matundu. Kitambaa kinakuwa mara mbili, mchoro unachorwa kwa kalamu ya risasi, halafu unatoboa tundu, unalizungushia uzi pembeni mpaka litulie. Ukilikata kwa mkasi umekata nyuzi za kitambaa, kofia ikifuliwa mara mbili tundu linafumuka. Ukilitoboa kwa ncha, nyuzi zinasogea tu, hazikatiki, zinajibana pembeni na uzi wako unazishika. Ndio maana kofia ya kale inafuliwa na kutiwa wanga miaka thelathini na matundu yako palepale.

Hizo chale tatu si uchawi. Kijiti kimechongoka, si ndivyo? Ukikizamisha kidogo tundu dogo, ukikizamisha zaidi tundu kubwa. Bibi yako aliweka alama ya wapi pa kusimama. Mstari wa kwanza tundu dogo, wa pili la kati, wa tatu kubwa. Bila hivyo, upande wa kulia wa kofia hauwi sawa na wa kushoto, na mvaaji haoni lakini mshonaji mwenziwe akipita njiani anaona. Na anasema.

Marehemu alikuwa mtu wa kazi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mjukuu wa Bweni

Amina. Shikamoo bibi. Nimetazama tena: kati ya mstari wa kwanza na wa pili ndipo palipong'aa kuliko pote.

Bi Mwenye Viua

Marahaba. Basi alipenda kazi ndogondogo. Ndizo ngumu.

Mswahili wa Muscat

Huku kofia za namna hiyo tunaziita kumma, na wazee wa hapa waliotoka Unguja wanashona matundu kwa mtindo huohuo. Siku hizi nyingi ni za mashine. Za mkono bei yake usiulize.

Mtu wa Maliasili

Tahadhari kidogo kuhusu hicho cheupe. Hakikisha ni mfupa na si pembe ya ndovu kabla hujaanza kukipiga picha za kuuza. Chukua kioo cha kukuzia. Mfupa una vidoti na vimistari vyeusi vifupi, ni njia za damu za mnyama akiwa hai. Pembe ya ndovu haina vidoti hivyo, na ukiitazama pale ilipokatwa utaona mistari iliyopishana kama wavu. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kupitia mkataba wa CITES mwaka 1989, na hapa kwetu kuwa nayo bila kibali ni kesi.

Tena usifanye ile ya kuchoma na sindano ya moto inayoshauriwa mitandaoni. Vitu vingine vyeupe vya zamani ni seluloidi, na seluloidi inawaka kama karatasi. Ukikishuku, kiweke chini ya maji ya moto, seluloidi itanuka kafuri.

Mjukuu wa Bweni

Vidoti vipo, vingi. Nimepumua.

Pima Mara Mbili

Namba 5 imebaki bila jibu. Ni sindano ya kufumia, zile za lesi nyembamba. Tufunge.

Barabara ya Nane

Tusifunge. Hiyo si ya kufumia. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga, na kwa bibi yangu zilikuwa tano kwenye kikopo.

Sindano ya kufumia ina kichwa butu, maana inashika uzi na uzi, haitoboi kitu. Mjukuu, chukua kitambaa ukivute kiwe kama ngozi ya ngoma, ukichome kwa namba 5. Ikipita yenyewe bila kusukumwa, ni ari.

Mjukuu wa Bweni

Imepita kama kwenye siagi.

Barabara ya Nane

Ari basi. Ni kazi ya Kutch, India ya magharibi. Waliosifika kwayo walikuwa Wamochi, jamii ya washona viatu, na ukiitazama utaelewa: hiyo ni msumari wa kushonea viatu uliokondeshwa na kutiwa ndoana nchani. Kitambaa kinawambwa kwenye fremu. Mkono mmoja uko chini na uzi, wa juu unachoma, unauvuta uzi juu kama kitanzi, unachoma tena ndani ya kitanzi hichohicho. Unatoka mshono wa mnyororo. Mtu mzoefu anakwenda haraka kuliko macho yako.

Ulaya nao wana chombo kama hicho, na fremu yake wameiita kwa jina la ngoma, kwa sababu ya kule kuwamba.

Pima Mara Mbili

Nimekubali. Miaka 31 na bado. Sasa imefikaje kwa mshona kofia wa Pangani?

Barabara ya Nane

Pangani maduka mengi yalikuwa ya watu wetu. Dukani mbele, nyumbani nyuma, na uani wanawake hawakuwa wakiulizana kabila, walikuwa wakiulizana umeshonaje hapa.

Mjukuu wa Bweni

Wakuu, nimempata mnoa visu! Nimemfuata mpaka kwenye kibanda chake. Alikuwa ameanza na ncha, amezinoa kidogo, pengo hajaligusa. Nikamweleza kazi ya lile pengo, akauchukua mkasi akakata tundu kwenye shati lake mwenyewe ahakikishe. Hakunitoza.

Zimebaki 7 na 8.

Nahodha Mstaafu

Nimekuwa nikisoma tangu juzi nikingoja mtu azitaje. Naona humu wote ni watu wa nchi kavu.

Mwanangu, namba 7 na 8 si za bibi yako.

Namba 7 ni kastabini ya kiganja. Ni ya kushonea tanga. Kabla ya haya matanga ya nailoni na maturubai ya plastiki, tanga la jahazi lilishonwa kwa mkono kutoka vipande virefu vya marekani nzito au turubai, mshono kando ya mshono, mtu amekaa chini mchangani na kitambaa kimemfunika miguu kama shuka la mgonjwa. Katikati si vibaya. Pindoni ndiko kuna kazi, kitambaa kimekunjwa mara tatu, na juu yake inashonewa kamba inayozunguka tanga zima ili upepo usilirarue. Pale sindano ya kawaida ni mchezo wa watoto. Unatumia shazia, nene kama njiti tatu za kiberiti, ncha yake ina pembe tatu. Kidole hakiwezi kuisukuma. Utavunja kidole. Unaisukuma kwa kiganja, na kiganja kinasukumwa na bega.

Ndiyo hiyo ngozi. Gumba linapita kwenye tundu, mkanda unazunguka mgongo wa mkono, kile kisahani kinakaa chini ya gumba, pale penye nyama. Kitako cha shazia kinaingia kwenye kishimo, hakitelezi. Mzee aliyenifundisha alikuwa hatumii, kiganja chake kilikuwa kimeota sugu kama kwato. Sisi wengine tulihitaji.

Namba 8, ewe mponda saumu, ni ya kuungia kamba. Unaizamisha katikati ya kamba ifunguke, unapitisha ncha ya kamba nyingine, unachomoa, unafungua tena mbele. Kamba mbili zinakuwa moja bila fundo, maana fundo halipiti kwenye kapi. Hutengenezwa kwa mbao ngumu, ikalainishwa, ili isikate nyuzi. Ioshe.

Nijibu kitu kimoja. Hiyo ngozi inakuingia mkono gani?

Mjukuu wa Bweni

Kulia haikubali. Gumba likipita tunduni kisahani kinakwenda mgongoni mwa mkono. Kushoto inakaa kama niliishonewa mimi.

Nahodha Mstaafu

Basi mwenyewe alikuwa wa shoto. Hizi huwa za kulia au za kushoto, haziazimani. Baharini nilifanya kazi na watu wengi sana na wenye ya kushoto nawahesabu kwa vidole. Bibi yako alikuwa wa shoto?

Mjukuu wa Bweni

Hapana. Bibi alishona kwa kulia mbele ya macho yangu. Wa shoto kwetu ni mimi peke yangu, nimetaniwa tangu chekechea kwamba sijulikani nilikookotwa.

Ngoja nimpigie shangazi mkubwa.

Mjukuu wa Bweni

(siku mbili baadaye)

Samahani kwa ukimya. Nilipanda basi nikaenda mwenyewe, kwa simu alikuwa anasema "mambo ya zamani hayo" na kukata.

Nilimwekea ngozi mapajani. Akaitazama kitambo, akauliza, "Ilikuwa wapi?" Nikasema kwenye mkebe wa bibi, chini kabisa. Akasema yeye alidhani ilizikwa.

Babu alianza kazi ya tanga akiwa kijana, pale mtoni, kabla ya kuoa. Alikuwa wa shoto kabisa. Alipokwenda shule mwalimu alimfunga ule mkono mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia, na kwa mwandiko huo ndio akapata ukarani kwenye mkonge. Yale madaftari yake ya hesabu tunayo nyumbani, mwandiko umesimama kama umechapwa. Sote tumeyaona, ndiyo maana hakuna aliyejua. Akishapata ukarani hakutaka tena kutajwa kwa tanga, ila shangazi anakumbuka usiku, akiwa mdogo, milango imefungwa, babu akimsaidia bibi kushonea kofia zilizochelewa. Kwa mkono wa kushoto. Bibi akimwambia apunguze nguvu, hii bafta, si tanga.

Kuhusu ari, Barabara ya Nane ulipatia. Bibi alifundishwa na mke wa mwenye duka, ukuta kwa ukuta nao.

Barabara ya Nane

Nilijua tu.

Bi Mwenye Viua

Nimecheka na kulia pamoja. Kofia zilizoshonwa na mtu wa shoto mie nishaziona, uzi unazunguka tundu kinyume. Kama mna kofia yake ya zamani, mtazame ndani.

Mjukuu wa Bweni

Bibi, tuna mbili. Moja matundu yote yanazunguka upande mmoja. Ya pili, kuanzia nyuma ya sikio hadi kisogoni, yamegeuka.

Nahodha Mstaafu

Hiyo ngozi usiiloweke maji, itakauka na kupasuka. Ipake nta kidogo, ile namba 10, kisha isugue kwa kitambaa mpaka ipate joto. Ivae nusu saa kila siku. Italainika ifuate mkono wako.

Pima Mara Mbili

Na mkasi ukichoka nao mimi nipo.

Mjukuu wa Bweni

Mkuu, hautoki. Cherehani imezunguka leo asubuhi, robo duara, kisha ikagoma. Naendelea na mafuta.

Kamchape wa Mtandaoni

Na hirizi?

Mjukuu wa Bweni

Imeshatoa kutu sindano kumi na moja. Binamu bado analala sebuleni.